Nuru ndani ya rojo: jinsi taka za nyuklia zinavyopimwa zikiwa bado kwenye bomba

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasomea teknolojia ya maabara, na nyumbani kwetu ni Bagamoyo, ambako baba yangu anaendesha mashamba ya chumvi. Nimesoma kwamba Marekani wanatafuta njia ya kupima taka za nyuklia zilizo kama uji kwa kutumia mwanga, papo hapo, bila kuchuja na bila kupeleka sampuli maabara. Sisi tumefundishwa kwamba maji lazima yawe maangavu kabla ya kuyapima kwa mwanga, kwa sababu chembe huharibu kipimo. Je, mwanga unawezaje kusoma uji wenye chembe, na je, majibu yake yanaaminika?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze kwa kukuthibitishia kwamba walimu wako hawakukosea. Kipimo mnachokijua, cha kutia maji katika kichupa cha kioo, kupitisha mwanga upande mmoja na kuupokea upande wa pili, kinategemea dhana kwamba mwanga uliopungua njiani umemezwa na kile unachokitafuta. Chembe zikiwamo, sehemu ya mwanga hutawanywa bila kumezwa, na kifaa hakina njia ya kutofautisha mwanga uliomezwa na ule uliopotezwa njia. Ndiyo maana mnachuja. Wanaopima taka za nyuklia hawajaivunja kanuni hiyo. Wameacha kuvusha mwanga kutoka upande mmoja hadi wa pili, na badala yake wanatumia njia ambazo mwanga huingia na kurudi upande uleule. Njia kuu ni mbili, na ningependa ushike tangu sasa kwamba haziko sawa katika kile zinachokiona: moja huona karibu maji peke yake, na nyingine huona maji na chembe kwa pamoja. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya swali lako imejibiwa, na iliyobaki ni suala la uaminifu wa hesabu.

Tuzitazame kwanza taka zenyewe. Eneo linalozungumzwa zaidi ni Hanford, kando ya mto Columbia katika jimbo la Washington, ambako kuanzia mwaka 1943 Marekani ilijenga mitambo ya kutengeneza plutoniamu kwa ajili ya silaha. Yako pale matangi 177 yaliyofukiwa ardhini, 149 yenye ukuta mmoja na 28 yenye kuta mbili, na ndani yake kuna taka zinazozidi lita milioni 200. Matangi zaidi ya 60 kati ya yale ya zamani yanahesabiwa kuwa yamevuja au yanadhaniwa kuvuja. Kazi iliyokusudiwa ni kuzitoa taka hizo, kuzitenganisha katika sehemu yenye mionzi mikali na sehemu yenye mionzi hafifu, kisha kuziyeyusha pamoja na viambato vya kioo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,150 za Selsiasi, ili zigande zikiwa kioo kisichoyeyuka kirahisi katika maji.

Ugumu wa taka hizo unatokana na historia yake. Plutoniamu ilitenganishwa kwa njia tatu tofauti kadiri miaka ilivyopita: njia ya fosfeti ya bismathi tangu 1944, njia iliyoitwa REDOX tangu 1952, na njia ya PUREX tangu 1956. Kila njia iliacha kemikali zake. Ya kwanza iliacha fosfeti, ya pili ilitumia daikromati na aluminiamu nitrati, na maganda ya aluminiamu yaliyofunika fueli yaliyeyushwa pia yakaongezeka humo. Mabaki yalikuwa na asidi ya nitriki, ambayo ingekula chuma cha matangi, kwa hiyo yakatiwa sodiamu haidroksidi kwa wingi. Hivyo nitrati ya sodiamu ikaenea kila mahali, mionzi ikageuza sehemu ya nitrati kuwa nitriti, na alkali ikanyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kuzaa kaboneti. Baadaye, ili kupata nafasi, maji yalichemshwa yakapungua, na chumvi ikaganda. Ukifungua tangi la aina hiyo leo unaweza kukuta maji makali juu, chumvi iliyoganda katikati, na chini kabisa tope zito la haidroksidi na oksidi za madini ya chuma, aluminiamu na mengineyo, ambamo strontiamu na plutoniamu zimejikusanya.

Wewe umekulia karibu na jambo hili kuliko wanafunzi wengi. Katika mashamba ya chumvi ya baba yako, maji ya bahari hayatupi chumvi zote kwa mara moja. Kaboneti ya kalsiamu hutangulia. Maji yakibaki takriban sehemu moja ya tano ya ujazo wa mwanzo, jasi huanza kuganda, jasi ileile inayosagwa pamoja na klinka katika viwanda vya saruji. Yakibaki takriban sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya mezani hudondoka, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesiamu. Baba yako huyajua haya kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji, kwa kungoja kipimo kifike kwenye digrii 25 hivi za Baumé, yaani vipimo vya haidromita hiyo, na kwa jicho la mzoefu. Swali analojiuliza kila siku, kwamba kipi bado kimo ndani ya maji na kipi tayari kimekuwa chembe, ndilo swali la Hanford. Tofauti ni kwamba akikosea yeye, hupata chumvi chafu. Wakikosea wao, bomba lililofukiwa lenye mionzi linaweza kuziba mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuingiza mkono.

Nafafanua kwa nini wanahitaji kujua haraka. Nitrati ikizidi na nitriti pamoja na haidroksidi zikipungua, chuma cha tangi huweza kupata nyufa za kutu, kwa hiyo uwiano wa vitu hivyo vitatu una mipaka ambayo haipaswi kuvukwa. Haidroksidi ikipungua, aluminati, yaani aluminiamu iliyoyeyuka ndani ya alkali, huanguka ikawa gibsaiti, chembe nyeupe za aluminiamu haidroksidi. Fosfeti ya sodiamu, rojo ikipoa, huganda katika fuwele zinazobeba maji mengi ndani yake, na fuwele hizo huweza kugeuza kimiminika kilichokuwa kikitiririka kuwa kama faluda ndani ya bomba. Salfeti ina shida ya aina nyingine: kioo hukubali kiasi kidogo tu, na ikizidi hujitenga ikaelea juu ya kioo kilichoyeyuka kama tabaka la chumvi lenye kula mitambo. Mwendeshaji anayejua haya yakiwa bado ndani ya bomba anaweza kuongeza maji, alkali au joto. Anayeyajua baada ya wiki mbili anaandika ripoti.

Kupeleka sampuli maabara, katika mazingira hayo, si safari ya kubeba chupa kwenye kikapu. Chupa ndogo hushushwa kupitia mdomo wa tangi, huvutwa juu ikiwa imekingwa kwa risasi, husafirishwa kwa utaratibu maalumu, na hufunguliwa kwa mikono ya mitambo nyuma ya kioo kinene. Kazi hiyo huchukua siku, na mara nyingi wiki. Tena sampuli yenyewe hubadilika njiani. Hapa chumvi ya mezani inatudanganya kwa upole wake, kwa sababu uyeyukaji wake haubadiliki sana na joto: gramu 36 hivi kwa gramu 100 za maji katika nyuzi 20, na gramu 39 hivi maji yakichemka. Nitrati ya sodiamu haiko hivyo. Gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 88 za chumvi hiyo katika nyuzi 20, na takriban gramu 180 katika nyuzi 100. Sampuli iliyotolewa ikiwa moto na kupimwa ikiwa imepoa inaweza kuwa na chembe ambazo hazikuwamo ilipotolewa, na maji yake yakawa mepesi kuliko yalivyokuwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu yenye uzito zaidi ya kupima papo hapo, kuliko hata kuokoa muda.

Sasa tuingie kwenye nuru. Njia ya kwanza imebeba jina la mwanafizikia wa Kihindi, C. V. Raman, ambaye mwaka 1921 alisafiri kwa meli akawa anaitafakari rangi ya buluu ya bahari, na mwaka 1928 akiwa Kolkata akatangaza ugunduzi uliompatia tuzo ya Nobel mwaka 1930. Ukimulika kitu kwa leza ya rangi moja, karibu mwanga wote unaotawanywa hurudi na rangi ileile. Lakini fotoni, yaani chembe za mwanga, chache mno, kwa kiwango cha moja hivi katika milioni kumi, hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, kwa sababu zimeiachia molekuli nishati kidogo ikatetemeka. Ukubwa wa badiliko hilo huitambulisha molekuli. Tunaupima kwa namba ya wimbi, yaani idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Nitrati iliyoyeyuka hutoa kilele kwenye 1,048 hivi, salfeti kwenye 981, fosfeti karibu na 937, kromati karibu na 847, na aluminati karibu na 620. Nitriti hujionyesha karibu na 1,330. Maji yenyewe hutoa ishara hafifu katika sehemu hiyo, na hiyo ni neema kubwa kwa mtu anayepima kitu kilichoyeyuka ndani ya maji.

Katika rojo, miale ya leza haipiti moja kwa moja bali hugongana na chembe, hurudi, hugongana tena, na sehemu yake hurejea kwenye kipokezi. Ishara haipotei, lakini hupungua, tena hupungua kwa kiasi kinachotegemea wingi, ukubwa na rangi ya chembe. Kwa hiyo urefu wa kilele cha nitrati peke yake hauna maana. Wapimaji hutafuta kitu cha kulinganishia ambacho kimepitia masaibu yaleyale, na mara nyingi huchagua mkanda mpana wa maji ulioko kati ya 3,000 na 3,700. Nitrati ikigawanywa kwa maji, upotevu unaosababishwa na chembe hujifuta kwa sehemu kubwa. Nasema kwa sehemu kubwa, kwa sababu katika maji makali kama haya wingi wa maji wenyewe hubadilika, na haidroksidi hulibadilisha umbo la mkanda huo. Mtu anayeuchukua mkanda wa maji kuwa nguzo isiyotikisika atapata namba nzuri za uongo.

Njia ya pili ni ya infraredi, mionzi iliyo chini ya wekundu ambayo jicho halioni. Shida yake ni kwamba maji huimeza vikali mno, hata safu nyembamba ya maji hufunika kila kitu. Ufumbuzi wake unaweza kuuelewa kama umewahi kuzamia baharini ukatazama juu. Juu ya kichwa chako unaona anga, lakini ukitazama kwa kulaza jicho pembeni, uso wa maji unakuwa kama kioo cha kujitazamia, unaakisi miamba ya chini na hauonyeshi anga tena. Mwanga unaotoka ndani ya maji kwa pembe ya kulala haupenyi kwenda hewani, huakisiwa wote. Wahandisi hufanya hivyo ndani ya kipande cha almasi kilichogusana na rojo. Infraredi husafiri ndani ya almasi, hugonga uso wake, huakisiwa, lakini kila inapogonga huchungulia nje kwa kina cha takriban maikromita moja, kisha hurudi. Katika kina hicho kidogo hukutana na nini? Hukutana na maji yanayougusa uso wa almasi. Chembe nyingi ni kubwa kuliko kina hicho na hazilali bapa juu ya almasi, hivyo nuru inasoma kimiminika kana kwamba kimechujwa, ingawa hakuna aliyechuja chochote. Ni njia ninayoipenda sana, na sioni aibu kusema kwamba nilipoielewa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda nikiifikiria.

Hapo ndipo tofauti niliyoitaja mwanzoni inapozaa matunda. Infraredi ndani ya almasi inasema kilichoyeyuka. Raman inasema kilichoyeyuka pamoja na kilichoganda. Ukiwa na vyote viwili, unaweza kuuliza ni kiasi gani kimehamia upande wa chembe. Watafiti wa Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, wamelifanyia kazi wazo hili la kuunganisha infraredi na Raman kwa kutumia michanganyiko isiyo na mionzi iliyoigizwa kwa mfano wa taka za Hanford, na wale wa maabara ya taifa ya Pacific Northwest National Laboratory, walio jirani kabisa na Hanford, wamekuwa wakiitumia Raman kufuatilia kimiminika kinachopita ndani ya bomba.

Lakini tazama mtego uliopo. Nitrati ya sodiamu ikiganda, kilele chake hakibaki kwenye 1,048 bali husogea hadi karibu na 1,068, kwa sababu ndani ya fuwele ayoni ya nitrati (chembe ndogo yenye chaji ya umeme) imebanwa na majirani zake na hutetemeka tofauti. Sasa, kaboneti iliyoyeyuka hutoa kilele chake karibu na 1,066. Kifaa kilichofundishwa kwamba chochote kilicho pale ni kaboneti kitatangaza kaboneti imepanda, wakati ukweli ni kwamba nitrati imeanza kuganda na bomba liko hatarini. Namba mbili hizo zinakaribiana kiasi kwamba katika kelele za kipimo halisi hazitengani kwa urahisi. Zipo dalili za kuzitofautisha: kilele cha fuwele ni chembamba zaidi, na fuwele huwa na mitetemo ya chini, pungufu ya 200, ambayo kitu kilichoyeyuka hakina. Na dalili bora kuliko zote ni kuiuliza infraredi. Kama kaboneti imepanda kweli, hata maji yanayogusa almasi yataonyesha hivyo; kama ni nitrati inayoganda, infraredi itaonyesha nitrati ikipungua ndani ya maji na kaboneti ikibaki pale ilipokuwa.

Infraredi nayo ina udhaifu wake. Inaposoma uso wa almasi peke yake, uchafu mwembamba ukiganda juu ya uso huo ndio unaosomwa, na rojo yote inaweza kubadilika nyuma yake bila kifaa kujua. Kwa hiyo mtiririko lazima uwe wa kasi ya kutosha kuusugua uso, au kuwe na utaratibu wa kuuosha, na namba ikitulia kupita kiasi mwendeshaji aanze kutilia shaka.

Viko pia vitu ambavyo nuru ya aina hii haivioni kabisa, na ni muhimu ulijue hili kwa sababu matangazo mengi hulipita. Ili kitu kiwe na mtetemo wa molekuli, lazima kiwe na atomi mbili au zaidi zilizofungamana. Sodiamu iliyoyeyuka ni ayoni ya atomi moja. Kloridi ni atomi moja. Sesiamu ni atomi moja. Ukipima maji ya chumvi ya mezani kwa Raman, chumvi yenyewe haitoi kilele chake. Utaona tu kwamba mkanda wa maji umebadilika umbo. Sesiamu-137, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 30 hivi na ambayo ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya hatari ya mionzi katika maji ya matangi, hupimwa kwa mionzi ya gama yenye nishati ya kiloelektroni-volti 662 inayofuatana na kuoza kwake. Strontiamu-90 haina hata msaada huo, kwa kuwa hutoa beta, na beta hupotea ndani ya rojo kabla ya kufika kwenye kipokezi. Mpaka leo huhitaji kutenganishwa kikemia kwanza. Sodiamu hukisiwa kwa kujumlisha ayoni hasi zote, kwani chaji lazima zilingane, au kwa msongamano wa kimiminika. Haidromita ya baba yako bado ina mahali pake hata Hanford.

Nimefika kwenye uaminifu, nusu ya pili ya swali lako. Kifaa hakitoi kiasi cha nitrati. Hutoa mstari wenye mabonde na vilele. Namba hutoka kwenye kalibresheni, yaani kazi ya kukifundisha kifaa kwa sampuli ambazo viwango vyake tunavijua. Kwa kuwa vilele hufunikana, hatutazami kilele kimoja bali tunaiachia hesabu ipitie mstari wote na kutafuta ni mabadiliko gani ya umbo yanayofuatana na mabadiliko ya nitrati, ya salfeti, na kadhalika. Hesabu hiyo ina nguvu sana, na nguvu hiyo ndiyo inayoweza kukupoteza.

Miaka mingi iliyopita, katika maabara moja niliyofanyia kazi, nilipewa jukumu la kutengeneza kalibresheni ya nitrati na fosfeti. Ili kuokoa muda nilitayarisha mchanganyiko mmoja mkali kisha nikauzimua kwa viwango kumi. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Hata fosfeti, ambayo kwa jicho nilikuwa siioni ndani ya kelele, ilipimwa kwa usahihi mkubwa. Ilipoletwa sampuli isiyo na fosfeti hata kidogo, kifaa kikatangaza fosfeti tele. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza: katika sampuli zangu zote nitrati na fosfeti zilipanda na kushuka pamoja, hivyo hesabu haikuwa na haja ya kuiona fosfeti, iliisoma nitrati na kuipa jina la pili. Tangu hapo sitayarishi kalibresheni bila kuhakikisha kwamba kila kitu kinapanda wakati kingine kikishuka, na kwamba ziko sampuli ambazo kitu kimoja hakimo kabisa. Katika taka za Hanford, ambako vitu vikubwa peke yake hufika kumi, utaratibu huo ni kazi ya miezi, na joto lazima liwemo kama kigeugeu kimojawapo, kwa sababu vilele husogea na kupanuka kadiri rojo inavyopata moto.

Hata ukifanya hayo yote, tangi litaleta kitu ambacho hukukifundisha: oksalati, mabaki ya vimumunyo vya kaboni, au chembe zenye mng'ao wake zenyewe unaofunika ishara ya Raman. Hapa kuna kipimo ambacho mimi nakiweka mbele ya vingine. Kila mstari unaposomwa, hesabu hujaribu kuujenga upya kwa kujumlisha sehemu inazozijua, kisha hutazama kilichobaki bila maelezo. Ni kama mtu anayezijua ngoma za kijijini kwao: akisikiliza mchanganyiko anaweza kusema hiyo ni chapuo, hiyo ni msondo, na ikilia ngoma ngeni atajua ipo hata kama hana jina lake. Masalio yakiwa madogo, namba inaweza kuaminiwa ndani ya mipaka yake. Masalio yakiwa makubwa, kifaa kinapaswa kunyamaza na kumwambia mwendeshaji achukue sampuli. Ziko pia mbinu za hesabu zinazojaribu kuitenga sauti hiyo ngeni na kuipa umbo lake, ili mkemia aifananishe na mistari ya kemikali anazozijua. Mbinu hizo zimeonyesha manufaa hasa pale ambapo viambato visivyotarajiwa vingevuruga kalibresheni ya kawaida. Mfumo wowote unaotoa namba bila kutoa masalio yake, mimi siuamini, hata uwe wa gharama kiasi gani.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema kwa ufupi. Elektroniki hazidumu karibu na mionzi mikali, kwa hiyo leza na kipokezi hukaa mbali nyuma ya kinga, na mwanga wa Raman husafirishwa kwa nyuzi za silika safi zinazofanana na zile za mkongo wa intaneti, makumi ya mita bila taabu. Mionzi huzifanya nyuzi hizo ziwe nyeusi taratibu, na upotevu huo lazima ufuatiliwe kwa ishara ya marejeo. Infraredi haisafiri katika silika. Huhitaji nyuzi za aina nyingine ambazo ni fupi na dhaifu zaidi, kwa hiyo kifaa chake hulazimika kusogea karibu na hatari. Hiyo ni sababu ya kihandisi inayofanya Raman itangulie kazini, ingawa kikemia infraredi ina faida yake.

Tanzania haina matangi ya aina hii, na sioni sababu ya wewe kusubiri kuyaona ili ujifunze. Ikiwa chuo chako kina kifaa cha Raman, au kinaweza kuazima, rojo ya kujifunzia iko kwenye mashamba ya baba yako. Salfeti iliyoyeyuka katika maji ya bahari hutoa kilele kwenye 981, na jasi iliyoganda hutoa chake kwenye 1,008. Vilele hivyo viwili havigombani kama vile vya nitrati na kaboneti, hivyo utaona kwa macho yako kitu kimoja kikiwa kimeyeyuka na kikiwa chembe ndani ya chupa moja. Kalsiamu ya baharini ni chache kuliko salfeti, kwa hiyo usitarajie kilele cha 981 kitoweke jasi ikishaanguka; kitaendelea kukua maji yanavyozidi kuwa makali. Chukua maji kutoka mabwawa manne, kuanzia la kupokelea hadi la kuvunia. Kila bwawa jaza chupa mbili, moja uichuje palepale shambani na nyingine uiache na chembe zake, usome zote mbili, kisha uzisome tena zikiwa zimelala usiku mmoja. Pima Baumé ya kila bwawa kwa haidromita ya baba yako, na pembeni ya kila namba andika joto la maji saa ile ulipoyachota, kwa kuwa bila joto hilo sitaweza kukusaidia kuzisoma utakaponiletea.